Upande wa Pili wa Zaburi

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alipita kwenye chumba cha kufulia cha watawa Wabenediktini, akamsaidia Sista Mfuaji kukunja shuka, kisha akaenda kumwona mama yake aliyelazwa katika zahanati ya watawa hao. Jina la Chiriku alipewa na shangazi yake, maana mdomo wake ulikuwa haupoi.

Siku hiyo ulipoa. Daktari alikwisha kumwambia shangazi kwamba dawa zimeshindwa, na mama alikuwa akimwita mwanawe kwa sauti inayokatika. Chiriku hakwenda. Alijibanza nyuma ya kapu la nguo, machozi yakimtoka njia mbili mbili. Shangazi alibembeleza, akakemea, akachoka, akarudi kwa mgonjwa.

Sista Mfuaji aliendelea kukamua shuka mpaka mtoto akasema mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyemponza mama, Sista. Jana kanisani, kwenye sala yenu ya Masifu ya Jioni, nilikuwa namwombea, usingizi ukanichukua katikati ya zaburi. Mungu amenikasirikia."

Watoto nao! Hujitwika mzigo wa mtu mzima, wasimwambie mtu.

Sista alifuta mikono kwenye aproni. "Kanisani tunakaa pande mbili. Upande mmoja ukiimba, wa pili unafanya nini?"

"Unanyamaza."

"Unanyamaza, unapumua, na zaburi haikatiki, kwa sababu wenzao wameibeba. Mimi mwenyewe nimesinzia mara ngapi, jirani akanigusa kwa kiwiko! Jana uliposinzia, sisi tulimwombea mama yako. Na hata sote tungelala, Mungu halali. Ugonjwa huu si adhabu yako, mwanangu."

"Basi atapona?"

Sista alichuchumaa mbele yake. "Sidhani. Lakini Mungu hamwachi, wala wewe hakuachi. Twende, anakuita."

Hapo kengele ya sala ikalia. Kwa desturi yao, kengele ikilia mtawa huacha kazi palepale na kwenda kanisani. Sista aliiacha shuka ndani ya beseni, lakini alimshika Chiriku mkono wakaelekea zahanati. Mtoto alipomuuliza kuhusu sala, alijibu kwamba wenzake wataimba sehemu yake.

Mama alikuwa amekonda, amebaki mifupa. Chiriku aliogopa, kisha akaketi karibu na mto, akaanza zaburi waliyozoea kupokezana nyumbani. Zamu ya mama ilipofika, midomo ilicheza tu, sauti haikutoka. Sista akaisema zamu ile. Mama akaubana mkono wa mwanawe, na hakuuachia mpaka alipokata roho.

Shangazi aliangua kilio. Chiriku alimgeukia Sista.

"Sista, siwezi kusali. Sina hata neno."

"Usilitafute," alisema Sista, naye analia. "Upendo wa Mungu haungoji sauti yako ndipo uje. Ulikuwapo ulipokuwa ukiomba, na sasa unaponyamaza upo vilevile. Wewe kaa nasi tu. Sisi tutaimba."

Jioni, kanisani, Chiriku alikaa kati ya Sista na shangazi, mdomo umefungwa, na zaburi ikaenda mpaka mwisho.