Mama Hakuambiwa

Kofi la kwanza lilipigwa mezani saa tisa alasiri, katikati ya darasa la ubatizo, sebuleni kwa Mwalimu. Wanafunzi saba wakainua vichwa. Aliyekuwa karibu na meza ni Mwalimu peke yake, chaki mkono mmoja, kitabu mkono wa pili.

"Ni mbao zinakauka," akasema, akaendelea.

Lakini alilijua kofi lile. Marehemu mama yake alikuwa kiziwi tangu utotoni, na alipotaka kutazamwa alipiga meza hivyo hivyo, kwa kiganja wazi. Walikuwa wamemzika wiki sita zilizopita.

Katika sebule hiyo Mwalimu alikuwa amewafundisha watu Injili kwa miaka kumi na mmoja: fundi viatu, mke wa jirani, hata mlevi wa mtaa. Mama alikaa kiti cha nyuma, akifuata midomo yao. Siku moja aliuliza kwa vidole: mnasema nini? Mwalimu akamjibu kwa ishara zao za nyumbani: mambo ya shule tu. Walikuwa na ishara ya chumvi, ya mvua, ya jirani mmbea. Ya Mungu hawakuwahi kuitunga. Ingekuwa kazi ndefu, na Mchungaji alikuwa amemtoa wasiwasi: asiyesikia hataulizwa siku ya hukumu. Mwalimu akalishika neno hilo, akalala usingizi wake.

Siku ya pili yalipigwa makofi matatu. Siku ya tatu harufu ya dawa ambayo mama alikuwa akichulia magoti ilijaa sebuleni, kiti cha nyuma kikajisogeza mbele, na darasa zima likatoka mbio.

"Mwalimu, humu ndani mna jini," fundi viatu akamnong'oneza mlangoni.

Mchungaji alikuja mchana uliofuata. Alikemea, na meza ikapigwa; akapaza sauti, ikapigwa tena, na kadiri alivyofoka mpaka mishipa ya shingo ikamsimama ndivyo makofi yalivyoongeza kasi, vikombe vikiruka kabatini, kana kwamba aliyepiga hana habari hata kidogo kwamba kuna mtu anayemfukuza.

"Mchungaji," Mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "hasikii."

"Nani hasikii?"

"Ni mama."

Makofi yakakoma Mwalimu alipokigeukia kile kiti kitupu na kuinua mikono. Akaanza kumweleza, akiunga ishara za jikoni na za uani, mtoto, mti, misumari, damu, kaburi, kuamka, huku machozi yakimchuruzika, mpaka alipofika kwenye ishara ya watu wote, ndipo viganja baridi, vyenye sugu alizozijua tangu anaogeshwa, vikamshika mikono na kuanza kuiongoza polepole, kama ya mtoto anayefundishwa kuandika: fundi viatu ulimwambia. Jirani ulimwambia. Mlevi ulimwambia. Kisha kidole chake kikanyooshwa, kikaelekezwa kwenye kiti.

"Nilidhani kutojua kutakuokoa, mama," Mwalimu akasema. Alisema kwa mdomo, kwa kusahau.

Viganja vikamwachia. Harufu ya dawa ikapungua, ikapotea kabisa.

"Ameondoka," Mchungaji akasema, akijifuta jasho.

"Ameenda wapi?"

Mchungaji akaanza kutafuta kofia yake.