Macho ya Mnyama wa Saba

Mpaka leo hakuna aliyeweza kuniambia yule mnyama wa saba alikuwa mnyama gani. Gudulia alilochorwa lilikuwa la kale, la udongo uliochomwa ukawa mgumu kama jiwe, la rangi ya kahawia inayong'aa. Tumboni mwake walizunguka ngamia, paa, mbuni, chui, punda na sungura. Wa saba alikuwa na kwato mbele na makucha nyuma. Nimewaonyesha picha yake watu wanaojua wanyama na watu wanaojua vyungu, wote wakanirudishia bila jibu. Jambo moja tu lilikuwa wazi: aliyemchora hakumtia macho.

Bi Falis, mjane aliyeuza udi na vitambaa Majengo, alilirithi kwa bibi yake. Mkono wa gudulia ulipovunjika, alilipeleka kwa Munyao, mchonga vinyago wa Pumwani, akamwomba amchongee mkono wa mbao. Hakuomba kingine.

Mkono ulimalizika kwa siku moja. Lakini wachongaji wa karakana ile wana desturi yao: macho hutobolewa mwisho, na kazi isiyo na macho haitoki mlangoni. Maingi, aliyekaa naye benchi moja, alilizungusha gudulia akacheka.

"Siku hizi unauza vipofu, Munyao?"

Munyao akachukua keekee, akamtobolea yule wa saba matundu mawili madogo mahali pa macho. Alidhani anampa mama wa watu zawadi.

Asubuhi yake vumbi la mbao lililotanda benchini lilikuwa limelambwa. Mahali pote kuzunguka gudulia palikuwa safi na penye unyevu, na pembeni ilionekana michirizi ya ulimi mpana. Palinuka manyoya yaliyonyeshewa, na mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima. Maingi alisema ni paka. Munyao akakubali upesi.

Bi Falis alipokuja, aliupapasa mkono mpya, akashukuru, kisha akauliza kama kuna kingine kilichoguswa. Munyao akasema hapana. Hata baadaye hakuweza kueleza kwa nini alidanganya, kwa sababu wakati ule hakuwa na la kuogopa.

Wiki ya pili Nimco, mpwa wa Bi Falis, alipita karakana akasema shangazi yake haoni kwa jicho la kushoto. Daktari alilimulika akasema ni zima. Munyao alimpa pole, akarudi kazini, akaharibu twiga watatu kabla ya saa sita. Ijumaa, Nimco alipita tena: la kulia nalo lilikuwa linafifia.

Siku hiyo hiyo Munyao alikwenda Majengo. Ilikuwa saa nane mchana, jua likipasua mabati, lakini alipoingia chumbani harufu ile ya manyoya mabichi ilimpokea mlangoni, na kwenye saruji akasikia kwato zikitembea polepole, kisha makucha, kisha kwato, zikizunguka kiti alichokalia Bi Falis na kusimama kila mara mbele ya uso wake, na alipoinua macho kulitazama gudulia lililokuwa rafuni akaona kwamba yule wa saba, aliyekuwa amewafuata wenzake miaka yote akitazama mbele, sasa alikuwa amegeuza kichwa kutazama chumbani, na matundu yake mawili yalikuwa na unyevu.

"Bi Falis," alinong'ona, "mimi ndiye niliyemtoboa macho."

Mama yule aligeuza uso kuifuata sauti yake.

"Ananitazama nikila, nikiswali," akasema. "Kila akinitazama, naona kidogo kuliko jana."

"Mbona hukuniambia asiguswe?"

"Ningekuambia nini, fundi? Wewe mtu wa kanisa. Niliona haya. Nilidhani utanicheka."

Nimco alimwita Mwalimu Wehliye wa madrasa. Mwalimu alisoma Kurani hadi sauti ikamkauka, kisha akaeleza kwamba gudulia lisivunjwe, maana kilichomo kingetafuta makao kwingine. Matundu yazibwe kwa nta, na mkono uliofungua ndio ufunge.

Munyao alijaribu mara tatu. Kila kidole chake kilipokaribia, upande wote wa kulia wa dunia ulizimika, naye akauondoa mkono. Mara ya tatu alilia.

"Nina watoto, Mwalimu. Hawa wanakula kwa macho haya."

Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimwelemea kuliko matusi. Bi Falis ndiye aliyekata shauri. Alisema yeye amebakiwa na mwanga wa mlangoni tu, na mwanga huo haumtoshi hata kuchagua vitambaa. Akaomba nta.

Munyao alimshika kifundo cha mkono kumwelekeza, yeye mwenyewe amefumba macho. Bi Falis akaziba tundu la kwanza, akaziba la pili, akabonyeza kwa kidole gumba mpaka nyayo zikakoma sakafuni. Kisha akauliza kwa upole ni nani aliyefunga mlango. Ulikuwa wazi.