Chai ya Fakihi

Kila alfajiri Mauwa aliwasha kuni na kuinjika sufuria ya chai kabla ya kwenda shule. Mwaka ule wa 1951 walikuwa wakikaa Temeke, na baba yao alikuwa kuli bandarini. Mdogo wake Fakihi, mtoto wa miaka minne, alikuwa ametoka kuugua surua, amebaki mifupa mitupu. Bwana Theonest, mganga wa zahanati, aliagiza apewe chai ya tangawizi iliyochemka sawasawa, ili mwili upate nguvu ya kupigana na maradhi.

Masika yakaingia, kuni zikaloa. Mauwa alichoka kupuliza moshi, na shuleni alichapwa kwa kuchelewa. Akabuni ujanja wake. Jioni alibakiza chai nzito, asubuhi akaizimua kwa maji ya kisima na kuipasha moto kidogo tu. Rangi ilikuwa ileile na tangawizi iliwasha vilevile, hata mama hakutambua.

Siku ya nne Fakihi alihara na kutapika mpaka macho yakadidimia. Mama alimbeba mbio hadi zahanati, Mauwa nyuma yake na chupa ya chai.

“Shikamoo, Bwana Mganga,” mama alisalimu.

“Marahaba. Anakunywa maji ya wapi?”

“Hanywi maji, ni chai tu. Mauwa anaichemsha mwenyewe.”

Mama akafungua chupa, akaisogeza kwenye midomo mikavu ya mtoto. Mauwa aliushika mkono wa mama. Aliogopa fimbo, lakini aliogopa zaidi kaburi dogo.

“Mama, usimpe. Haikuchemka. Hata za juzi hazikuchemka.”

Mama akaiondoa chupa. Bwana Theonest alimwaga chai ile nje, akaanza kumnywesha Fakihi maji yaliyochemshwa yenye chumvi na sukari kidogo, kijiko baada ya kijiko. Ilikuwa siku ya tatu ndipo mtoto alipoweza kuketi.

“Mbona sie wengine tuliokunywa chai ileile hatukuugua?” Mauwa aliuliza kwa sauti ndogo.

“Nyie miili yenu ina nguvu. Wa kwake surua iliumaliza,” alijibu Bwana Theonest. “Chai husaidia mwili, binti, lakini haiui uchafu wa kisima. Moto ndio unaoua. Na ungenyamaza siku ile, tungemzika.”

Waliporudi nyumbani Mauwa alichemsha chai mpaka ikafurika motoni, akaimimina kikombeni. Fakihi akanyoosha mkono. Mama akakitwaa kikombe, akampa Mauwa.

“Anza wewe,” alisema.