Mama Vifungo Aenda Kupimwa Utumbo

Mama Vifungo alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Jina hilo alipewa na dada yake mkubwa, kwa sababu kila alikopita vifungo vilimdondoka mfukoni. Walishona katika chumba kimoja, cherehani zao zikitazamana. Sasa ilikuwa ikilia cherehani moja tu. Dada alikuwa amefariki kwa saratani ya utumbo mpana. Alikuwa akipata choo chenye damu kwa muda mrefu, akanyamaza kwa aibu. Alipofika hospitali, ugonjwa ulikuwa umeshasambaa.

Baada ya msiba, daktari aliwashauri ndugu wawili waliobaki, Mama Vifungo na mdogo wao wa kiume, wakapimwe utumbo kwa kamera ndogo inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa. Alisema ugonjwa huo huweza kutembea katika ukoo. Mdogo wao alikataa katakata. Mama Vifungo alikubali, roho mkononi.

Yeye mwenyewe alikuwa na kisukari, na alijichunga kwelikweli. Alikula mkate wa ngano isiyokobolewa, maharage na mboga za majani. Chai alikunywa bila sukari. Hospitalini alipewa dawa ya kusafisha tumbo, akaelezwa namna ya kujiandaa. Lakini mawazo yake yalikuwa kwa dada yake. Hakusikia hata nusu.

Basi akaendelea kula maharage yake. Siku moja kabla ya kipimo akakaa na njaa, ila vidonge vya kisukari akameza kama kawaida. Jioni mikono ikaanza kutetemeka. Jasho likamtoka. Mumewe akatambua sukari imemshuka, akamletea maji ya sukari, naye akakisukuma kikombe.

"Sukari ni sumu kwangu," alisema, na ulimi ulikuwa mzito.

Mumewe akambembeleza mpaka akanywa. Taratibu mtetemeko ukaisha.

Kesho yake kipimo hakikufanyika. Utumbo ulikuwa bado na mabaki ya chakula, na kamera isingeona kitu. Mama Vifungo akaketi kwenye benchi la ukumbini akalia, na si kwa sababu ya kipimo peke yake. Muuguzi akaja kukaa kando yake. Hakumkaripia. Alimuuliza tu alikuwa amekula nini.

"Mama, chakula kinachokufaa siku zote ndicho kinachotuzuia kuona," muuguzi alimwambia. "Siku chache kabla ya kipimo, acha maharage, mboga za majani, mbegu na nafaka zisizokobolewa. Kula wali mweupe kidogo, yai, samaki. Siku ya mwisho usile. Kunywa tu: maji, supu iliyochujwa, chai bila maziwa. Vinywaji vyekundu usiguse, tutavidhania damu."

"Na sukari yangu?"

"Ipime mara kwa mara. Ikishuka, maji ya sukari ndiyo dawa yako saa hiyo. Vidonge usiviache wala usivimeze kwa kukisia. Twende kwa daktari akupangie."

Safari hii mumewe alikwenda naye, akasikiliza kila neno. Nyumbani alichuja supu mwenyewe. Mama Vifungo aliinywa dawa ya kusafisha tumbo yote, ingawa ilimtia kichefuchefu. Alikwenda chooni mpaka yakatoka maji matupu. Sukari iliposhuka, alikunywa maji ya sukari bila ubishi.

Siku ya kipimo alichomwa sindano ya usingizi. Alipoamka, daktari alimwambia wamekuta kivimbe kidogo na wamekiondoa palepale. Siku chache baadaye walirudi kuchukua majibu ya maabara: hakikuwa saratani. Kingeachwa miaka mingi, daktari alisema, kingeweza kugeuka saratani.

Mumewe alishusha pumzi. Mama Vifungo hakutabasamu.

"Cha dada kilianza hivihivi?" aliuliza.

"Mara nyingi huanza hivi," daktari alijibu.

Alipofika nyumbani alimpigia simu mdogo wake. Kijana akaanza visingizio: kazi zimembana, aibu, mbona yeye haumwi. Mama Vifungo akamwacha amalize.

"Mimi nililala, nikaamka, kimekwisha," alimwambia. "Dada naye, angepimwa mapema, angeamka."

Kwenye simu akamsikia analia, kilio ambacho hakukitoa hata siku ya mazishi. Alipotulia, mdogo wake akauliza kwa sauti ya chini aanzie wapi.

Akamwambia aanzie kwa daktari, na kwamba atamsindikiza.