Karibuni na Kwetu

Kitabu alikiacha ukurasa wa arobaini. Heriel ana uhakika, maana alikunja pembe ya karatasi, tabia ambayo mkewe Hyasinta amemgombeza nayo mpaka amechoka. Aliporudi mchana kutoka kupiga picha sokoni Kariakoo, kitabu kilikuwa juu ya kiti kilekile cha dirishani, kimefunuliwa ukurasa wa sitini na mbili, na ile pembe imekunjuliwa vizuri kabisa.

"Mama Candida, umeanza kusoma vitabu vyangu?"

"Mimi na duka lile, muda wa kusoma niutoe wapi?"

Basi akaketi akaendelea kusoma. Tusimlaumu, nani anaogopa kitabu?

Heriel ni mwandishi na mpiga picha. Anazunguka nchi na kamera na begi moja, anarudi kwenye flati yao ya Mchafukoge, ghorofa ya tatu, anasoma, anaandika. Juma lile alikuwa ametoka kwenye magofu fulani kusini mwa Pangani, kutafuta picha za kitabu chake kipya. Bibi anayeyatunza, Siwema, alimpa masharti mawili tu: "Ukiingia, piga hodi. Ukitoka, toka kimya. Usiage."

Hodi aliipiga. Lakini Heriel ni mtoto wa Rombo, kalelewa na mama ambaye hata msoma mita ya maji haondoki kwake bila kukaribishwa tena. Picha zilimkubali siku hiyo, mwanga ulimkubali, akatoka kwenye mlango wa magofu uliobaki umesimama peke yake, usio na nyumba, huku anatabasamu, akasema, "Haya, asanteni sana. Karibuni na kwetu Mchafukoge." Mdomo huo! Siwema alimsikia. Aliingia kwake akafunga mlango.

Juma la pili harufu ikaanza. Udi, na chini ya udi tope la mikoko. Ilikuja saa saba mchana, mtaa mzima unapiga honi. Kamla, jirani yao Mhindi wa mlango wa pili, aligonga akauliza kwa upole kama siku hizi wanafukiza mchana, maana nguo zake alizoanika zinanuka. Halafu karatasi zikaanza kusikika kutoka chumba cha Heriel: fya, kimya, fya, kimya, kama mtu anayesoma bila haraka. Chumbani hamkuwa na mtu.

"Ni mgeni," alisema Candida. "Anakaa kile kiti. Anasoma kuliko baba."

Candida ana miaka sita. Ni mtoto wao wa pekee, wamempata baada ya miaka kumi na moja ya kusubiri na maneno ya watu. Hyasinta alicheka kidogo. Kisha akaenda kutafuta rozari.

Mtoto akawa analala. Anarudi shule, anakula, analala. Jumatatu kwa saa moja, Jumanne kwa saa mbili, Jumatano walimtikisa mpaka saa kumi na moja jioni ndipo akafumbua macho, na walipomfunua shuka nyayo zake zilikuwa na mchanga mweupe uliolowa, mtoto aliyeogeshwa, ghorofa ya tatu. Heriel aliichukua kamera apige ushahidi, akakuta ndani yake picha ambazo hakuzipiga, Candida na sare zake za shule amesimama nje ya ule mlango usio na nyumba, Candida kizingitini, Candida ndani, mkono mmoja umeinuliwa kama mtoto aliyeshikwa mkono na mtu mrefu, na akazifuta zote, na alipozima na kuwasha tena zilikuwepo, na moja imeongezeka.

Walimbeba kumkimbizia kwa dada yake Hyasinta, Kigamboni. Kivukoni Magogoni ile harufu ilikuwa imesimama nao kwenye foleni. Wakarudi nyumbani.

Bi Mwanamkuu wa Gerezani, anayejulikana kwa kutoa majini, alikuja Ijumaa mchana na chetezo chake. Candida alikuwa amelala. Bibi alifika mlangoni, akavuta pumzi mara moja, hata viatu hakuvua.

"Nani kamkaribisha?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Heriel akasimulia, macho chini. Aliona aibu kama mtoto aliyevunja chungu.

"Mimi natoa wanaojiingiza," alisema Bi Mwanamkuu. "Huyu kaitwa, tena mlangoni kwake mwenyewe. Nikimfukuza, mwenye kosa ni mimi."

"Sasa tufanyeje, bibi?" Hyasinta alinong'ona. "Mtoto anaondoka hivihivi tunamwangalia."

"Mngoje. Mgeni huchoka, ataaga. Na akiaga atawakaribisha kwake, nao wana adabu zao. Msimjibu. Ukijibu umeahidi, na ahadi hiyo mimi siiwezi."

Siku tisa walingoja. Hyasinta hakufungua duka, Heriel hakugusa kalamu, walikaa pande mbili za kitanda cha mtoto, midomo wameifumba kama waliokatazwa kula, wakisikiliza karatasi zikifunuliwa chumba cha pili na kumsikia Candida akivuta pumzi polepole, kila siku polepole kuliko jana. Hakuna lingine walilokuwa nalo la kufanya.

Siku ya kumi, saa saba, harufu haikuja. Heriel alichungulia chumbani kwake. Kitabu kimefungwa, kiti kitupu. Na Candida akaamka mwenyewe, akasema ana njaa, akala ndizi nyama sahani mbili. Baba yake alilia wazi, wala hakujificha.

"Mgeni ameondoka," Candida alisema, akijilamba vidole. "Ameniaga vizuri. Amesema asanteni, karibuni na kwetu."

Kijiko kilimponyoka Hyasinta. Siku zote hizo walikuwa wakikumbushana wao wawili, na mtoto kalala katikati yao. Yeye hakuna aliyemwambia.

"Ukamjibu?"

Candida alimshangaa mama yake. Kwani adabu hiyo alimfundisha nani?

"Nilisema asante, tutakuja. Akasema basi, wewe tangulia."

Akasukuma sahani, akashuka kitini, akaanza kutafuta viatu vyake.