Mfalme Niliyemfungia Bandani

Hakuna mnyama wa London nisiyemjua. Mtaani kwetu Harrow, mtu akiona kiumbe cha ajabu huambiwa, "Kamuulize Matar." Sawa, anayewaambia hivyo ni mimi, lakini ushauri ni ushauri.

Jumamosi moja nilikuwa nafagia uani, kama kawaida yangu nikitoka chuo cha Kurani. Dada yangu mdogo, Time, ameketi kizingitini anakula mkate wa kumimina. Mara jirani yetu Mzee Pravin, mzaliwa wa Tanga, akachungulia juu ya ua. Macho yamemwiva.

"Matar mwanangu, Raja hamjamwona? Ametoka tangu jana, na mvua yote ile. Mke wangu Sushila hali, halali."

Raja, yaani Mfalme, ni mbwa wao: rangi ya hudhurungi, mkia kama fagio. Angalau hivyo ndivyo anavyoonekana kutoka ng'ambo ya barabara, maana kwetu mbwa hutazamwa kwa mbali. Akikulamba, Mama anakuosha mara saba, moja kwa udongo, na udongo wa London ni baridi kama barafu.

"Usiwe na wasiwasi, Mzee," nikasema. "Nitakuletea kabla ya adhuhuri."

Haukupita muda, penye mapipa ya taka akatokea mnyama. Amelowa chapachapa, mbavu nje, mkia kama uzi. Nikawaza: mbwa wa huku hula nyama ya kopo na kulala juu ya zulia. Huyu mchafu, mwembamba, hana kwao. Basi ni mbweha! Nikamfukuza, kwa adabu, akajificha nyuma ya mapipa.

Punde akatokea wa pili. Huyu sasa! Manyoya makavu, utadhani katoka kwa kinyozi, kifua cheupe, mkia umejaa. Time akaniuliza kwa Kiingereza chake kama nina hakika huyu ndiye Raja.

"Mtoto, nyamaza. Waachie wataalamu."

Nikachukua jikoni paja la kuku la jana, nikalitupa ndani ya banda la vifaa vya bustani. Mheshimiwa akaingia kwa madaha. Nikabana mlango, nikapiga kelele, "Mzee Pravin! Raja huyu hapa!"

Mzee alikuja mbio, kamba ya mbwa mkononi. Mama naye akatoka na mwiko wake.

"Mfalme wangu, njoo!" Mzee akafungua mlango.

Mfalme akamtazama juu hadi chini, akaling'ata paja lake vizuri, akapita katikati ya miguu ya Mzee na kuruka ukuta. Hakuaga.

"Matar," Mzee akasema taratibu, "yule ni mbweha."

Akakaa kwenye kizingiti cha banda. Kamba ikamponyoka mkononi. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, lakini nilipouona uso wake nikaumeza.

"Raja," akaita, kama mtu anayesema peke yake. "Raja!"

Nyuma ya mapipa kukasikika mlio mwembamba. Yule mchafu akatoka anatetemeka, akamrukia Mzee kifuani. Mzee akamkumbatia pamoja na matope yake, huku analia, huku anacheka. Ndani ya manyoya yaliyolowa, ukanda mwekundu ulionekana shingoni.

Mama akanigeukia. "Mzee alikuwa hapo ng'ambo ya ua, nami nilikuwa jikoni. Ungepungukiwa nini ungetuita tukamtazama? Kutojua si aibu, mwanangu. Aibu ni kujitia unajua, mwenzako akaumia."

"Nimesikia, Mama."

Nikampungia Raja mkono, kwa mbali. Akajibanza nyuma ya miguu ya Mzee, ananguruma.

"Ajabu!" akasema Mzee. "Raja haogopi mtu. Mbona wewe anakuogopa?"

"Labda hajanizoea, Mzee. Ndiyo kwanza tunaonana."

Time, ambaye siku zote hujibu kwa Kiingereza, mara hii akachagua Kiswahili safi, ili asibaki hata mmoja asiyeelewa.

"Mama, si Matar ndiye aliyemtupia kandambili? Tena zote mbili."