Foleni ya Bwana Pask

Jioni ile nilikuwa na kazi moja tu: kumpelekea shemeji yangu pai ya nguruwe na chupa ya chai. Ilikuwa Ijumaa ya Septemba, kesho yake mbio za magari za Hallowick, na ukungu ulikwishaanza kupanda kutoka kwenye mashamba ya shayiri yaliyovunwa. Kuku walikuwa wameingia ndani. Banda la magari lilikuwa linawaka taa.

Humo ndimo mume wangu Clem alimotengenezea gari lake dogo la kijani, la wazi, la viti viwili. Clem alifia kwenye gari hilo, uwanja huo huo wa Hallowick, mwanetu Rowan akiwa bado ananyonya kidole. Kwa miaka mingi lilikaa chini ya turubai. Kisha Rowan akakua, akalifunua.

Sikumkataza. Ungemkatazaje mtoto kitu pekee alichoachiwa na baba yake?

"Karibu, shem," alisema Cedric bila kuinua kichwa. Cedric ni mdogo wake Clem, na injini zote za ukoo wetu zimepita mikononi mwake. "Weka hapo. Usiegemee mlango, rangi mbichi."

"Rangi mbichi tangu Jumatatu? Au umepaka uji?"

Alicheka. Alikuwa na furaha ya mtu anayeficha jambo na anatamani kuulizwa.

"Kesho mwanao anawatimulia vumbi wote."

"Na sheria?"

"Sheria tumeipa kiti na chai, imekaa pembeni inakunywa."

Mbio zetu ni za magari ya dukani. Kila kitu ndani ya gari kinatakiwa kiwe vile kiwanda kilivyokitoa zamani. Ndivyo sheria inavyosema, na hakuna anayeifuata. Huyu amepanua silinda kidogo, yule amechimba matundu ya hewa asikoona mtu. Wakishakunywa bia mbili wanasimuliana wenyewe.

Cedric akanisogelea, akanong'ona kama vile kuku wangesikia.

"Flaiwili. Nimeikereza."

Flaiwili ni ile sahani nzito ya chuma inayozunguka nyuma ya injini. Ukiipunguza uzito, injini inapanda kasi upesi. Lakini ya magari haya ni chuma cha kumimina, kinavunjika kama sahani ya udongo. Ya chuma cha kisasa ingestahimili, ila sheria haiiruhusi. Mkaguzi huchungulia kwa tochi kwenye tundu la stata, ile mota ya kuwashia injini, anatafuta namba ya kiwanda iliyochongwa kwenye flaiwili ya asili. Akiiona, anafunga injini kwa waya na lakiri, kimuhuri cha madini ya risasi chenye alama yake, basi umepita.

"Upande wa namba sijaugusa," Cedric alisema. "Nimekula nyuma tu."

Clem aliuawa na sahani kama hiyo. Ilipasuka akiwa katika kasi, ikakata sakafu ya gari, ikamkata na yeye. Tuliambiwa chuma kilichoka. Bahati mbaya, walisema wote, na mkaguzi mwenyewe alilia kaburini.

"Cedric. Ya Clem nayo ilikuwa hivi?"

Alifuta mikono kwa kitambaa. Akaifuta tena.

"Clem mwenyewe ndiye aliyeniomba, shem. Nilikosea kipimo tu. Safari hii nimebakiza nyama ya kutosha."

"Rowan anajua?"

"Rowan ndiye aliyeniomba."

Akachukua dumu, akasema anakwenda kuleta petroli kwenye tangi nyuma ya nyumba. Alitoka haraka, kama mtu anayekimbia mvua. Nilibaki nimeshika chupa ya chai. Nilikuwa nalia, na nilijua hakuna neno langu ambalo Rowan angelisikia usiku wa kuamkia mbio za baba yake.

Ndipo niliposikia harufu.

Mafuta ya mbarika yaliyoungua... Yale mafuta matamu-machungu waliyotia kwenye injini enzi za Clem. Siku hizi hayatumiki.

Kisha sauti. Injini ikinguruma polepole, mbali, nje kwenye ukungu. Nyuma yake nyingine. Na nyingine. Zilikuwa zinangoja, haziendi.

Taa ya banda ikafifia.

"Habari ya jioni, mama. Namba kumi na saba ndiyo hii?"

Mwanamume alikuwa amesimama upande wa pili wa gari. Koti refu la kahawia la wakaguzi, linaburuza chini. Sikumsikia akiingia, na sakafu yetu ni ya mbao, inalalamika hata paka akipita.

"Ndiyo hii," nilisema.

Akapiga magoti, akawasha tochi, akachungulia kwenye tundu.

"Namba ipo," alisema. "Namba huwa ipo."

Hakuinuka. Mkono wake ulipapasa chuma cha injini taratibu, kama mtu anayempima homa mtoto.

"Ni nyembamba, mama. Tayari imeanza kuchanika. Haitamaliza mbio."

"Basi ifungue! Mwonyeshe mwanangu!"

"Siruhusiwi kufungua. Mpaka mtu wa upande wa gari hili apinge. Kwa mdomo wake, mbele yangu."

Hilo nililijua. Mkaguzi hafungui injini bila pingamizi, na katika chama chetu hakuna anayepinga, maana kila mmoja ana lake ndani ya injini. Anayepinga anakunywa bia yake peke yake mpaka anakufa. Na mama apinge gari la mwanawe? Jambo hilo lilikuwa halijatokea.

Mgeni akainua uso.

Alikuwa Bwana Pask. Mkaguzi aliyechungulia gari la Clem asubuhi ile na kulipitisha. Mimi mwenyewe ndiye niliyekata mikate ya mazishi yake.

Mtu akishaona aliyezikwa, anauliza lile moja tu.

"Clem yuko wapi?"

"Yupo kwenye foleni," alinong'ona. "Wote niliowapitisha kwa kuchungulia tundu tu, wakafa, wanarudi kwangu. Anasubiri kukaguliwa, na mimi siwezi kumpitisha..."

Nje, injini moja iliinua sauti, ikashuka, ikainua tena. Mara mbili fupi, moja ndefu. Clem alifanya hivyo kila alipoingia uani, ili niweke birika jikoni, na Cedric akaja kumfundisha Rowan.

Nilitaka kukimbilia nje. Mungu ananijua, nilitaka. Ningeingia kwenye ukungu ule nikae kiti cha pembeni, basi. Bwana Pask akatikisa kichwa.

"Gari la kukaguliwa ni la huyu wa kesho, mama. Unapinga au hupingi?"

Nikamfikiria Rowan, kofia ya baba yake kichwani, akicheka.

"Napinga."

Taa ikazimika.

Nikasikia boliti zikianguka sakafuni moja baada ya nyingine, upesi kuliko mkono wa mtu. Mnyororo ukalia. Kitu kizito kikawekwa mezani kwa upole. Kisha kimya...

Taa iliporudi, Cedric alikuwa mlangoni na dumu lake, na Rowan nyuma yake. Injini ilikuwa imening'inia kwenye mnyororo, gia boksi iko chini, na flaiwili iko mezani, imechorwa msalaba kwa chaki. Mikono yangu ilikuwa safi. Ndani ya kiganja nilikuwa na lakiri ya risasi, na Cedric alipoona alama ya Bwana Pask iliyopigwa juu yake aliketi chini palepale.

"Mama," alisema Rowan. "Umefanya nini?"

"Igonge flaiwili, mwanangu. Ining'inize uigonge."

Chuma kizima ukikigonga kinalia kama kengele. Rowan aliining'iniza kwa waya, akaigonga kwa spana.

Tap.

Kama kugonga ubao. Ufa ulikuwa umezunguka karibu nusu.

"Umeiangusha," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kitoto. "Umeifungua ukaiangusha. Umenivunjia makusudi."

"Rowan, baba yako..."

"Usimtaje baba! Miaka yote hii hukutaka nimjue. Hata gari lake unalionea wivu."

"Cedric, mwambie!"

Cedric alifungua mdomo, akaitazama lakiri, akaufunga. Mpaka leo hajasema. Kama angesema neno moja tu, ningekuwa na mwana.

Rowan alilipakia gari kwenye trela usiku uleule, injini imelala kando kama mzoga. Anaishi kaskazini sasa. Nasikia ameoa. Nasikia kwa watu. Krismasi naandika kadi, hairudi wala haijibiwi, na mimi najiambia: yu hai, Enid, hilo ndilo ulilolitaka. Siku nyingine maneno hayo yananitosha.

Kila mwaka, jioni ya kuamkia Hallowick, nakwenda bandani na birika la chai. Banda halina kitu tena, ila mabuibui. Nakaa. Harufu inakuja, kisha foleni inanguruma kwenye ukungu, kisha mbili fupi, moja ndefu. Namwambia Clem habari za nyumbani. Sijawahi kuogopa.

Jana jirani aliniambia gari namba kumi na saba limeandikishwa tena kwa mbio za Hallowick. Injini mpya, alisema, kijana amejitengenezea mwenyewe, inapanda kasi ajabu.

Leo jioni nimekaa bandani. Mbili fupi, moja ndefu.

Halafu, nyuma yake kabisa, mwisho wa foleni... injini nyingine. Ngeni. Nyepesi mno.

Mbili fupi. Moja ndefu.

Nimerudi ndani mbio. Mbio zinaanza kesho asubuhi. Nimepiga simu yake mara nisizoweza kuhesabu. Inaita, ikifika mwisho inakatika, nami napiga tena.

Haijaharibika simu ile. Ni namba yangu asiyoipokea.